Ua wa Ngome ya Lamu kama ukumbi wa tamthilia: historia ipi tuandike, na jukwaa tuliweke vipi?

Binti_Langoni ameuliza:

Assalaam alaykum wanajukwaa. Kikundi chetu kinaandaa tamthilia ya saa moja na robo kuhusu vita vya Shela, na tunataka kuomba tuichezee ndani ya ua wa Ngome. Watazamaji tunawakadiria 120. Nina maswali mawili, moja la karatasi na moja la mbao.

La karatasi: kijitabu cha onyesho kina aya ya historia ya jengo, na mwenzetu ameiandika hivi: "Ngome ya Lamu, iliyojengwa na Wareno ufukweni, ilikuwa gereza la watumwa mpaka Sultani wa Zanzibar alipoikomboa mwaka 1821. Leo ndiyo ukumbi mkongwe kuliko wote wa sanaa Lamu." Inanikwaruza, lakini sijui nianzie wapi kuisahihisha.

La mbao: tunataka jukwaa la kimo cha sentimita 60, upana mita tano hivi, taa kidogo na spika mbili. Mmoja wetu anataka kupigilia misumari ukutani atundike pazia. Mwingine anasema watazamaji wengine wapande juu roshanini ili chini pasisongamane. Lipi linafaa na lipi halifai?

Mzee_wa_Baraza:

Wa alaykum salaam, mwanangu. Sentensi mbili, makosa manne. Si haba.

Wareno watoeni. Ngome yao ni ile ya Mombasa, Fort Jesus, iliyojengwa 1593 hadi 1596, na watu huzichanganya hizi mbili kwa kuwa zote ziliwahi kuwa jela. Ya kwetu ilijengwa kati ya 1813 na 1821. Fort Jesus yenyewe ilikuwa imeshaanguka mikononi mwa Waomani tangu 1698, kwa hiyo Mreno wa kujenga Lamu miaka ile mngemtoa wapi?

Hapo pa 1813 ndipo pa kuangalia sana, maana panagusa tamthilia yenu. Vita vya Shela huwekwa mnamo 1812 au 1813. Watu wa kisiwa cha Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, walishuka Shela, kijiji cha kisiwa chetu hiki, wakapigwa, na walipokimbilia vyombo vyao wakakuta maji yamekupwa, majahazi yamekaa mchangani. Watu wa Lamu walishinda, lakini walijua wenzao watarudi. Ndipo walipopeleka ujumbe kwa Seyyid Said bin Sultan wa Oman kuomba kinga. Akaleta liwali na askari, na Ngome ikamalizika kwa msaada wake. Kwa hiyo kama mna onyesho la wazee wa Lamu wakishauriana juu ya kuta za Ngome usiku wa kuamkia vita, lifuteni au lipelekeni barazani. Ngome iliyokamilika ni zao la vita vile. Siku ya vita haikuwepo.

"Sultani wa Zanzibar" pia hapana. Mwaka 1821 Seyyid Said alikuwa akitawala kutoka Maskati, makao aliyahamishia Unguja baadaye. Na "alipoikomboa" ni neno baya kwa mtu aliyeitwa na wenyeji.

Kuhusu gereza, nadhani najua kosa lilikotoka. Neno hili pwani lilikuwa na maana ya ngome kabla halijawa na maana ya jela. Asili yake ni neno la Kireno la kanisa, kwa sababu ndani ya ngome ya Mombasa mlikuwa na kanisa. Ukimsikia mtu mzima akisema "penye gereza", huenda anataja jengo tu, hataji wafungwa. Kwanza Ngome ilikaliwa na askari, wakiwemo Wabulushi, watu wa asili ya Baluchistani. Jela kwa maana ya leo ni kuanzia 1910 mpaka 1984, ya serikali ya mkoloni kisha ya Kenya. Mwaka 1984 ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa, ikatengenezwa kwa msaada wa Waswidi, ikawa mahali pa maonyesho, maktaba na mikutano.

Basi huo "ukumbi mkongwe kuliko wote" umeanza juzi. Mwaka 1983 aliyekaa ndani ya ua ule alikuwa anahesabu siku.

Neno moja tu mwenzenu amelipata nusu: ufukweni. Ngome ilikuwa ufukweni. Leo iko kama mita 70 kutoka majini, kwa sababu pwani ilijazwa na majengo yakapangwa mbele yake. Andikeni "iliyokuwa ufukweni wakati ule", na msomaji akitoka gatini na kuingia Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome, ataelewa kwa miguu yake.

FundiChokaa:

Mzee amemaliza ya karatasi. Mimi nichukue ukuta na roshani.

Misumari hapana, wala drili. Ukuta ule ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa, na juu yake lipu ya chokaa. Msumari wa zege ukiupiga, hautoboi tundu dogo kama kwenye bloku. Jiwe la matumbawe lina vishimo kama sifongo, linapasuka kwa ndani, halafu lipu inaachana na jiwe kwa upana wa sahani. Ukigonga kwa kifundo cha kidole utasikia mlio wa debe tupu kuzunguka msumari. Kipande hicho kitaanguka baadaye, masika yakija, na ninyi mtakuwa mmeshasahau.

Kisha atakuja mtu mwema azibe kwa simenti, na hilo ndilo kosa kubwa zaidi. Ukuta wa matumbawe umejaa chumvi na unyevu, na chokaa huuachia unyevu utoke. Simenti inaufungia ndani. Maji yanatafuta njia pembeni ya kiraka, yanakauka hapo, chumvi inabaki na kuota kama unga mweupe, inalisukuma jiwe mpaka linamomonyoka. Ukiona kiraka cha kijivu kimesimama kizima na jiwe la kando limelika mpaka shimo, sababu ni hiyo. Kiraka kinachofaa ni chokaa iliyolowekwa vizuri, kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitatu, mchanga usiwe wa pwani. Tabaka lisizidi sentimita moja kwa mara moja. Jiwe lilowane kwanza, na kiraka kinyunyiziwe maji kwa siku saba, kifunikwe magunia. Kikikauka haraka kinapasuka nyufa kama tope la mtoni. Lakini kazi hiyo ni ya mafundi wa Makumbusho, si ya kikundi cha tamthilia. Ninyi pigeni picha za kuta kabla ya kuingiza hata mbao moja, ili baadaye asije mtu akawabebesha ufa wa zamani.

Sasa roshani. Mtu akiuliza kwa nini Lamu yenye mawe mengi hivi haikujenga ukumbi mkubwa wa ndani, jibu liko kwenye boriti. Mkoko mzuri wa boriti una kipenyo cha sentimita 11.5 mpaka 14 hivi, na ukizidi mita tatu kwenda hewani unaanza kupinda. Ndiyo maana vyumba vya mawe vya mji huu ni virefu na vyembamba, upana mita mbili na nusu mpaka tatu. Penye upana zaidi pawe wazi juu: kiwanda (uwazi wa ndani ya nyumba), ua, uwanja. Kwa hiyo mlipochagua ua mlichagua sawa, hata kama hamkujua.

Palipo na sakafu ya namna hiyo, juu ya boriti pamepangwa mawe na zege la chokaa. Unene wa sentimita 30 peke yake ni karibu nusu tani kwa kila mita ya mraba. Ongezeni watu wanne waliosimama kwenye mita hiyo, kilo 280 nyingine. Watu wakikaa kimya huenda isiwe neno. Ila ngoma ikipigwa hawatakaa kimya, watakanyaga pamoja, na mzigo wa kudunda si sawa na mzigo uliotulia. Tena boriti huozea kichwani, zile sentimita 10 hadi 15 zilizomezwa na ukuta, ambapo unyevu unakaa na jicho halifiki. Katikati itakuwa nyeusi na ngumu kama chuma, ukaipa imani. Jibu langu: juu asipande mtazamaji yeyote, isipokuwa Makumbusho wenyewe wawaambie kwa maandishi ni wangapi na wasimame wapi.

Jamvi_na_Zumari:

Naomba kupinga kidogo. Kwa nini ndani? Mkunguni pale nje, chini ya ile mikungu, ndipo jukwaa la mji huu tangu zamani. Watu wanakaa barazani bila kuitwa. Goma la fimbo na kirumbizi, ngoma zetu za fimbo, havijengewi jukwaa, vinajengewa duara. Ukimfungia mtazamaji wa Lamu ndani ya ua, ukamwambia atazame mbele tu kama yuko sinema, umemnyang'anya nusu ya raha. Tena ndani mtakuwa 120, nje mji mzima.

Na wanaotoa mfano wa Ngome Kongwe ya Unguja wakumbuke kwamba kule ndani ya ua palijengwa ngazi za kukalia kwa mduara, ndiyo maana matamasha ya filamu na muziki yanakaa vizuri. Kwetu ua haukufanyiwa hivyo, na heri usifanyiwe.

Kipaza_Amu:

Jamvi ana hoja kwa ngoma, kwa tamthilia ya maneno hana. Mkunguni ni njia ya watu, ya punda na ya mikokoteni. Mwigizaji akishusha sauti, mstari wa tatu hausikii. Kusi likivuma maikrofoni inasikika kama tanga linapigapiga. Ndani kuta zinakinga upepo. Mnaweza kufanya yote mawili: zumari na kirumbizi vianze Mkunguni dakika kumi na tano, kisha waingie langoni na watu wafuate. Zumari haihitaji maikrofoni popote, hilo mlijue mapema msije mkapoteza chaneli.

Jukwaa. Chukueni plaiwudi sita za milimita 18, kila moja mita 2.44 kwa 1.22. Zikipangwa mbili kwa urefu na tatu kwa kina mnapata mita 4.88 kwa 3.66, hakuna kukata. Chini yake mbao za inchi mbili kwa nne zilizosimama kwa ubavu, 13, kila moja ya urefu wa mita 3.66, zikiachana sentimita 40.7 kutoka kati hadi kati. Mkizipanga hivyo, maungio ya plaiwudi yanaangukia katikati ya mbao ya saba. Mkizipanga kila 45, ungio linabaki hewani na mwigizaji atalipata kwa kisigino. Chini ya hizo 13 mnaweka mbao nne ndefu za mita 4.88, nazo zikisimama kwa ubavu, zikiachana mita 1.22, na kila moja ina miguu mitano. Miguu 20 jumla.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: jukwaa la sentimita 60 halina miguu ya sentimita 60. Toa plaiwudi 1.8, toa mbao ya juu 10, toa mbao ya chini 10. Miguu ikatwe 38. Mkikata 60 mtapata jukwaa la karibu 82, na mstari wa mbele watatazama nyayo saa nzima na robo. Kwanza pimeni mbao mlizonunua, zilizopigwa randa mara nyingi hazifiki inchi nne kamili.

Jukwaa la namna hii ni nadra kuvunjika. Linalala. Miguu yote inainama upande mmoja kama mikindu kwenye upepo, kwa sababu hakuna mshazari. Wekeni mbao za mshazari pande zote nne na msalaba mmoja katikati. Skrubu za milimita 50 kila sentimita 25, msitumie misumari, inajinyonyoa kwa kudunda. Kila mguu ukalie kipande cha ubao chenye zulia chini, sakafu isichubuke. Plaiwudi moja ina kilo 30 hivi, wawili wanaibeba. Kutoka gatini mkokoteni mmoja safari mbili unatosha, ila zisimamisheni kwa ubavu penye kona.

Pazia lishikiwe kwenye jukwaa lenyewe, kwa nguzo mbili za mazio (mikoko myembamba kuliko boriti) zilizofungwa kwa bolti kwenye fremu. Hata ndani ya ua upepo hupita. Nguo ya mita 4 kwa 2.5 ikipigwa na upepo wa mita 8 kwa sekunde inasukumwa kwa nguvu ya kama kilo 38, na ndoo moja ya mchanga kila upande haizuii kitu hicho kisiwaangukie wapiga ngoma. Ikateni nguo yenu ya marekani vipande vinne vya mita moja, vining'inie vikipishana kidogo. Upepo unapita, jicho halioni mwanya.

Umeme: taa nane za LED za wati 50 ni wati 400, spika na mikisa wekeni 600 kwa usalama. Hiyo ni ampia nne na kidogo, soketi moja ya ampia 13 inabeba. Waya uwe wa milimita 2.5 za mraba, nyuzi tatu, wa mpira. Kwa mita 50 na ampia 10 mnapoteza volti saba hivi, kwa waya wa 1.5 ni kumi na mbili. Waya ukunjueni wote hata kama mnahitaji mita kumi tu. Ukiuacha umeviringwa unajipasha moto mpaka mpira unaungana. Swichi ya kinga ya miliampia 30 mwanzoni mwa waya, si hiari. Na angalieni plagi zenu kabla ya siku yenyewe. Hewa ya bahari inaotesha kutu ya kijani kwenye meno ya shaba, plagi inaingia vizuri, taa inawaka, na baada ya nusu saa inaanza kukonyeza. Sugueni kwa msasa laini mpaka shaba ing'ae, msipake mafuta.

Sauti: kuta ngumu pande nne zinarudisha neno. Sauti ikirudi baada ya kuzunguka mita 17 zaidi ya ile ya moja kwa moja, silabi zinapandana. Dawa yake si kuongeza sauti, ni kuipunguza. Spika zikae pembe za mbele, kimo cha kichwa cha mtu aliyesimama, zielekee katikati ya watu, si ukuta wa nyuma. Ukuta wa nyuma wekeni majamvi kwenye fremu ya kusimama. Mkijaribu ua ukiwa mtupu mtakata tamaa, msibadilishe kitu. Miili 120 na kanzu na mabuibui yao itafyonza mengi.

Viti: 12 kwa mstari na njia ya mita 1.2 katikati vinakula upana wa mita 7.2. Mistari kumi, kila mmoja sentimita 90, ni mita 9. Pimeni ua kwa kamba kwanza, mkiona haviingii punguzeni viti, msiibe njia. Lango libaki wazi mabawa yote mawili muda wote, na mtu wa kulisimamia asiyekuwa mwigizaji.

Binti_Langoni:

Ahsanteni sana. Fundi, roshani tumeifuta, na onyesho la wazee tumelihamishia barazani. Kaka Kipaza, saa ngapi tuanze? Wengine wanataka saa moja usiku ili watoto waone.

Kipaza_Amu:

Saa moja hapana, dada. Magharibi huku ni saa kumi na mbili na dakika kadhaa, Isha inaadhiniwa kabla ya saa mbili, na misikiti iliyo karibu na Ngome haiadhini kwa pamoja, inapokezana. Mtakatwa katikati ya mgogoro. Anzeni Mkunguni saa mbili na robo, ndani saa mbili na nusu, mtamaliza kabla ya saa nne. Kandili za kwenye onyesho ziwe za betri, moto halisi msiingize. Miezi ya masika iacheni kabisa, hata mkipewa bure.

Mzee_wa_Baraza:

Aya yenu mpya, mkipenda: "Ngome ya Lamu ilijengwa kati ya 1813 na 1821, baada ya vita vya Shela, na kumalizika kwa msaada wa Seyyid Said bin Sultan wa Oman. Wakati ule ilikuwa ufukweni. Ilikaliwa na askari, ikawa jela kuanzia 1910 hadi 1984, kisha ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001."

Sentensi ya ukumbi mkongwe nimeitoa.

FundiChokaa:

Kwenye barua ya maombi ambatisheni mchoro wa jukwaa wenye vipimo vya Kipaza, idadi ya watu, na mstari mmoja unaosema hakuna kitakachogusa ukuta. Kisha acheni nafasi ya sentimita 50 kati ya ukuta na chochote mnachoweka, ili mtu aweze kupita nyuma bila kusugua bega kwenye lipu.